Giaboksi ya Otomatiki Inapougua: Namna ya Kutafuta Kasoro Kabla ya Kufungua

Gari kuukuu la njia mbovu, mfano Toyota Land Cruiser ya aina ya 60 iliyotengenezwa katika miaka ya 1980, linapokataa kwenda ilhali injini inanguruma, hukumu ya gereji nyingi huwa moja: giaboksi imekufa, inunuliwe nyingine. Hukumu hiyo ni ya gharama kubwa, na huenda isiwe ya kweli. Isitoshe, hata pale ambapo klachi za ndani zimeungua kweli, kilichoziunguza chaweza kuwa nje ya giaboksi. Kisipotafutwa, giaboksi mpya nayo itaungua. Makala haya yanaeleza utaratibu wa kuichunguza giaboksi ya namna hii ikiwa bado imefungwa garini.

Jinsi inavyofanya kazi

Katika gari la otomatiki hakuna klachi ya kukanyagwa kwa mguu. Kati ya injini na gia huwekwa konveta, chombo cha mviringo kilichojaa oili. Asili yake ni uvumbuzi wa Mjerumani Hermann Föttinger wa mwaka 1905, uliokusudiwa kwa meli. Ndani yake mna gurudumu la mapanga linalozungushwa na injini. Gurudumu hilo huisukuma oili, nayo oili hulizungusha gurudumu la pili lililoungana na giaboksi. Katikati yake kuna la tatu, liitwalo stata, ambalo huielekeza upya oili inayorudi, ili nguvu ya kuzungusha iongezeke gari linapoanza kuondoka.

Nyuma ya konveta zipo gia za sayari, yaani gia ndogo zinazoizunguka gia ya kati kama sayari zilizungukavyo jua. Gia ya kutumika huamuliwa na klachi na breki ndogo za ndani, ambazo hubanwa kwa shinikizo la oili. Basi oili hupitisha nguvu, hubana klachi, hulainisha na hupoza. Shinikizo likipungua, klachi huteleza. Ikiteleza hupata joto. Joto likizidi huungua. Mfuatano huu ndio msingi wa uchunguzi wote.

Hatua ya kwanza: kutazama

Kwanza, itazamwe transfa, yaani giaboksi ndogo inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Wenzo wake ukiwa kwenye N, gari halitasogea hata kama giaboksi kubwa ni nzima.

Pili, ipimwe oili. Gari lisimame mahali tambarare, oili iwe ya moto na injini iwe inazunguka polepole. Wenzo wa gia upitishwe katika nafasi zote kisha urudishwe P, ndipo kijiti cha kupimia kichomolewe. Oili nzuri ni nyekundu na angavu. Ikiwa nyeusi na yenye harufu ya kuungua, klachi zimeteleza. Ikiwa na povu, ama imejazwa kupita kiasi ama pampu inavuta hewa. Ikifanana na maziwa ya rangi ya waridi, imeingiwa na maji: pengine kipozea oili kilichomo ndani ya rejeta kimetoboka, au gari lilivuka mto na giaboksi yenye moto ikapoa ghafla, ikavuta maji kupitia bomba lake la kupumulia.

Tatu, uangaliwe waya unaotoka kwenye mfumo wa kikanyagio cha mafuta hadi kwenye giaboksi. Waya huo huiarifu giaboksi uzito wa kazi. Ukilegea, shinikizo hushuka, gia hubadilika mapema na klachi huteleza. Ukikazwa mno, gia huchelewa na hubadilika kwa kishindo.

Hatua ya pili: kupima

Breki ya mkono ikiwa imefungwa na breki ya mguu imekanyagwa, wenzo utolewe N uwekwe D, na ihesabiwe saa mpaka gari litikisike kidogo. Kisha ifanyike vivyo hivyo kutoka N hadi R. Kwa Toyota nyingi za miaka hiyo muda usizidi sekunde 1.2 kwa D na 1.5 kwa R, lakini kitabu cha gari lenyewe ndicho cha kufuatwa. Muda ukizidi, shinikizo ni dogo au klachi zimelika.

Kipimo cha pili kina hatari, hivyo magurudumu yote yazuiwe kwa magogo na mtu asisimame mbele wala nyuma. Breki zikiwa zimekanyagwa kwa nguvu na wenzo ukiwa D, kikanyagio cha mafuta kikanyagwe hadi mwisho kwa muda usiozidi sekunde 5, na mizunguko ya injini isomwe. Baada ya oili kupoa, kipimo kirudiwe kwa R. Mizunguko ikiwa michache kuliko ya kitabu, injini ni dhaifu au stata imeharibika. Ikizidi kwa D peke yake, klachi za mbele zatiliwa shaka. Kwa R peke yake, zile za nyuma. Ikizidi kote kuwili, shinikizo lote ni dogo.

Hatua ya tatu: kupambanua

Ichukuliwe kwa mfano gari la wagonjwa linaloteleza kila lipandapo mlima likiwa na mgonjwa. Oili imetimia lakini ina harufu kidogo ya kuungua. Gia hubadilika mapema. Na mizunguko imezidi kwa D na kwa R pia. Fundi mwenye haraka ataishusha giaboksi. Lakini kasoro inayoonekana mbele na nyuma ni nadra kuwa ya klachi moja. Yaelekea kuwa ya kile kinachozihudumia zote, yaani shinikizo. Waya ukapimwa, ukaonekana umelegea.

Waya ukishakazwa kwa kipimo cha kitabu, na oili na chujio vikabadilishwa, vipimo vyote virudiwe. Vikiwa sawa, gari limepona kwa gharama ndogo. Visipokuwa sawa, shinikizo lipimwe kwa geji, na bakuli la chini lifunguliwe. Unga mweusi kidogo ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma au vya kitambaa cha klachi ni dalili kwamba sasa giaboksi haina budi kushushwa. Hata hivyo itakayofungwa upya haitaungua kwa sababu ile ile, kwa maana sababu imekwisha kuondolewa.

Tabibu mwema hampasui mgonjwa kabla ya kumwuliza na kumpima. Fundi naye ayaandike majibu ya kila kipimo kabla ya kushika spana; karatasi hiyo yaweza kuokoa giaboksi, na safari ya mgonjwa anayeingoja.