SOMO: Kumchagua Daktari wa Kubadilisha Goti au Nyonga

Lengo: Wanakikundi wajue maswali ya kumwuliza daktari kabla ya kutoa pesa za operesheni.



Wazee wetu wengi wanaambiwa, "Goti limekwisha, libadilishwe." Mara harambee inaitwa, ng'ombe anauzwa, na mama anapelekwa kwa daktari wa kwanza aliyetajwa. Tusiharakishe. Kama mfupa haujavunjika, goti lililouma miaka 5 linaweza kungoja wiki chache tukiuliza. Goti bandia likiingia vijidudu, huenda likatolewa na kuwekwa jingine, na mara ya pili gharama hupanda.

Muulize daktari haya:

1. Je, wewe ni bingwa wa mifupa? Si kila daktari wa upasuaji ni wa mifupa. Leseni hutolewa na Baraza la Madaktari (KMPDC), tena kila mwaka. Kijana mwenye simu anaweza kulitafuta jina lake katika orodha ya Baraza.

2. Kwa mwaka unafanya operesheni ngapi za namna hii? Uchunguzi wa Ontario, Kanada, uliochapishwa 2014, ulionyesha kwamba madaktari waliofanya nyonga chini ya 35 kwa mwaka, wagonjwa wao walipata shida zaidi: nyonga kuchomoka, au kupasuliwa tena.

3. Je, kuna njia nyingine kwanza? Mazoezi, kupunguza uzito, dawa za maumivu na mkongojo husaidia wengi.

4. Wangapi walipata vijidudu, na ulifanya nini? Daktari mzuri hakasiriki akiulizwa. Akikukaripia, tafuta mwingine.

5. Nikirudi nyumbani nitaishije? Hapa usione haya. Mwambie choo chako ni cha shimo, maji unateka mtoni, na jikoni unakaa kwenye kigoda. Mwenye nyonga mpya mara nyingi hukatazwa kuchuchumaa, hasa miezi ya kwanza. Daktari asiyeuliza habari za nyumbani kwako hajamaliza kazi yake. Uliza pia ni nani atakufundisha mazoezi, na wapi.

6. Gharama yote ni ngapi? Si operesheni tu: kuna kifaa chenyewe, wodi, dawa, mazoezi na nauli ya kurudi kliniki. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF. Uliza hospitali SHA italipa kiasi gani, na upewe kwa maandishi kabla ya kulazwa.

Kazi ya kikundi: Kabla mgonjwa hajatoka hospitali, fundi wa kikundi atengeneze kiti cha mbao cha kuweka juu ya shimo la choo. Wengine wapange zamu ya kuteka maji.

Maswali ya kujadili:
(a) Hapa kwetu ni nani aliyebadilishwa goti au nyonga? Tumwombe atueleze.
(b) Kwa nini tunaogopa kumwuliza daktari maswali?
(c) Tukifanya harambee, ni nani atakayemsindikiza mgonjwa na kuandika majibu?