KAZI ZETU NA AFYA YA NYUMBA ZETU
(Somo la kusomwa pamoja katika mitaa)

Hapa kwetu Ngara na Biharamulo mtu hula jasho lake. Wengine twalima migomba, maharage na kahawa. Wengine huchimba dhahabu. Wengine huendesha pikipiki. Kazi ni heshima ya mtu. Lakini baba atokaye asubuhi kuwatafutia watoto chakula aweza kurudi jioni amechukua kitu cha kuwadhuru watoto wale wale. Basi mwezi huu tujifunze mambo matatu, hasa kwa ajili ya wenzetu wa machimboni.

1. Vumbi la mwamba. Mawe ya dhahabu yakipondwa makavu hutoa vumbi jembamba mno, hata jicho halilioni lote. Hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu na kufanya makovu yasiyoondoka. Hakuna dawa ya kuyafuta. Tena pafu lililoharibika hivyo hushikwa upesi na kifua kikuu, nacho hakikai kwa mtu mmoja, bali chaweza kuwaendea walalao nyumba ile. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Yafaa kulowesha mawe kwa maji, kuyaponda mbali na nyumba, na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto. Akohoaye majuma mawili na aende zahanati apimwe. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo, na mgonjwa hupona akizimaliza zote.

2. Zebaki. Hii hukamata chembe za dhahabu, kisha huchomwa motoni hata ikawa mvuke. Mvuke huo hauna harufu, ndiyo sababu watu hudhani haupo. Lakini huingia kwa pumzi, hudhuru ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni aweza kuharibika na hali mama yake aonekana mzima. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki, ulioitwa kwa jina la mji wa Japani ambako zebaki iliwaharibu watu wengi. Basi mtu asiichome jikoni kamwe, wala chombo kilichochomewa zebaki kisirudi kupikiwa chakula.

3. Popo wa mapangoni. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia Biharamulo. Hata ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 13 Machi, watu 10 walihesabiwa kuwa wamekufa kwao, wawili kati yao wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo. Kabla ya hapo, mwaka 2023, ulikuwa umetokea Bukoba. Virusi vyake hukaa katika popo walao matunda, nao hupenda mapango na mashimo ya kale. Huko Durba, mashariki ya Kongo, tangu 1998 hata 2000, uliwapata hasa wachimba dhahabu, na zaidi ya watu 100 walikufa. Mtu asiingie shimo lenye popo wengi.

Lakini ukisha kumpata mtu mmoja, ugonjwa huu hauhitaji popo tena. Huenda kwa damu, kwa matapishi, na kwa kumwosha maiti. Hapo ndipo penye uzito kwetu, kwa maana twamheshimu marehemu kwa mikono yetu wenyewe. Heshima hiyo ni njema. Walakini wauguzi wakisema, "Msimguse," kuwatii si kumtupa ndugu yetu. Ni kuwalinda wale aliowapenda.

Wengine watasema, "Sisi ni maskini, tutafanyaje?" Twajibu: maji ya kulowesha mawe, nguo ya kubadili na mahali mbali na jiko si mambo ya matajiri. Tena aliyeajiriwa ajue kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yampasa mwajiri kumlinda. Kuomba haki hiyo si ukaidi.

Maswali ya kuzungumza:
1. Katika mtaa wetu, mawe hupondwa wapi, nao watoto hucheza wapi?
2. Ni nani kati yetu akohoaye siku nyingi, na nani atakwenda naye zahanati?
3. Tutamzikaje kwa heshima mtu ambaye hatuwezi kumgusa?