Somo la Mwezi Huu: Kumtunza Mbwa Mzee wa Boma

Mkulima akihesabu mali yake huanza na ng'ombe, kisha mbuzi na kondoo, kisha kuku, na mwishowe plau na baiskeli. Mara chache humtaja mbwa. Lakini usiku fisi anapokaribia zizi, au mchana tumbili wanapoingia katika mahindi, si plau inayopiga kelele. Ni mbwa.

Wakulima waliopewa mashamba katika Bonde la Lambwe miaka ya 1960 walifika mahali penye vichaka, mbung'o na wanyama wa mwitu. Mwaka 1966 sehemu ya bonde hilo iliwekwa kuwa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1983 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Boma lililo jirani na wanyama linahitaji masikio makali usiku. Hivyo ndivyo ilivyo Lambwe, na hivyo ndivyo ilivyo Kisegi na vilima vya Gwassi.

Somo letu leo ni juu ya mbwa aliyefanya kazi hiyo miaka mingi na sasa amezeeka. Tuchukue mfano. Tuseme mkulima wa Kisegi ana mbwa dume, jina lake Simba, naye ana miaka 10. Zamani alikuwa wa kwanza kufika langoni. Sasa asubuhi huinuka kwa shida, nyuma ikiyumba, na watoto wanamcheka. Mkulima husema, "Ni uzee tu, hauna dawa." Maneno hayo ni kweli nusu. Uzee hauna dawa, lakini maumivu yanaweza kupunguzwa, na vitu vingi vinavyohitajika vimo nyumbani tayari. Tena, si kila mbwa anayechechemea anaumwa na uzee.

KWA NINI VIUNGO HUUMA

Mahali ambapo mfupa mmoja hukutana na mwingine pana gegedu, yaani kile kitu cheupe na laini mnachokiona mwishoni mwa mfupa wa kuku. Kazi yake ni kuzuia mifupa isisuguane. Kwa miaka mingi ya kukimbia na kuruka, gegedu huchakaa kama vile ekseli ya mkokoteni usiotiwa grisi. Kiungo huvimba, hukaza, na kuuma. Mara nyingi nyonga, magoti, viwiko na mgongo ndivyo hushikwa kwanza. Mbwa mkubwa wa mwili huzeeka mapema kuliko mdogo, na akifika miaka 7 au 8 yafaa mwenyewe aanze kumwangalia.

Mbwa halalamiki kama mtu. Kwa hiyo tazameni dalili hizi:

1. Huinuka polepole asubuhi, na baada ya hatua chache hutembea vizuri kidogo.
2. Haruki tena mtaro aliokuwa akiuruka.
3. Mapaja ya nyuma yamekonda.
4. Hulamba kiungo kimoja kila mara.
5. Huguna au kutaka kuuma akiguswa kiunoni. Huu si ukali, ni maumivu. Waonyeni watoto wasimvute wala kumpanda mgongoni.
6. Kucha zimekuwa ndefu, maana hatembei vya kutosha kuzipunguza.

MAHALI PA KULALA

Anzeni hapa, maana hapagharimu kitu. Mbwa mzee akilala juu ya saruji baridi au udongo uliolowa, viungo hukaza usiku kucha. Chukueni gunia, lijazeni nyasi kavu au maganda makavu ya mahindi hadi unene wa shubiri moja, mlishone mdomo. Liwekeni juu ya mbao au matawi ili lisiguse ardhi, lakini lisiwe juu mno hata mbwa alazimike kuruka. Pawe mahali pasipopigwa na mvua wala upepo, hasa katika masika ya Machi hadi Mei. Kila juma likung'uteni na kulianika juani, maana jua huwapunguza viroboto. Maganda yakinuka au yakilowa, yabadilisheni.

Pawekeni mahali hapo karibu na zizi au mlango. Miguu ya Simba imepungua nguvu, lakini pua yake bado inafanya kazi, naye atabweka. Usingizi mzuri haumwondoi kazini.

CHAKULA NA UZITO

Mbwa mzee akiwa mnene, kila kilo ya ziada inabebwa na viungo vile vile vibovu. Kati ya mambo yote ya somo hili, kumpunguza mbwa mnene ndilo lenye faida kubwa zaidi kwa viungo vyake. Mpapaseni ubavuni. Mbavu zikisikika chini ya vidole kwa urahisi bila kujitokeza sana, uzito unafaa. Zisiposikika, amenona mno, nanyi punguzeni ugali kidogo kidogo. Zikitokeza kama fito za nyumba, hapati chakula cha kutosha, au ana minyoo, au ni mgonjwa.

Ugali mtupu haumfai. Misuli ndiyo inayoshika viungo vilivyolegea, na misuli hujengwa kwa nyama, samaki, mayai na maziwa. Wakulima wa kando ya ziwa wana bahati. Omena waliochemshwa na kuchanganywa na ugali ni chakula kizuri, na mafuta ya samaki yameonekana kusaidia kidogo viungo vinavyouma. Gaweni chakula mara mbili kwa siku badala ya mlo mmoja mkubwa. Msimpe mifupa ya kuku iliyopikwa wala miiba mikubwa ya mbuta. Maji safi yawe karibu na mahali anapolala, maana mbwa anayeumwa hukubali kukaa na kiu kuliko kutembea.

Hapa pana onyo. Msimpe mbwa mahindi yenye kuvu, kwa kusema, "Hayatufai sisi, basi yatamfaa mbwa." Sumu kuvu huharibu ini, na mbwa ni mwepisi kudhurika nayo. Mwaka 1981 katika Wilaya ya Machakos watu 20 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 12 wakafa. Kabla ya watu kuugua, njiwa na mbwa wa mahali hapo walikuwa wamekwisha kufa.

KUTEMBEA

Watu wengine humfunga mbwa mzee kamba ili apumzike. Ni kosa. Kiungo kisichotembezwa hukaza zaidi, na misuli huisha. Wengine humwacha afuate ng'ombe tangu asubuhi hadi jioni, kisha siku mbili zinazofuata hawezi kuinuka. Hilo pia ni kosa. Njia ya kati ndiyo njema: safari fupi 2 au 3 kwa siku, katika mahali tambarare, kila siku sawasawa. Akianza kubaki nyuma au kulala njiani, safari imezidi. Kesho ipunguzeni.

Sakafu laini ya saruji humtelezesha. Mtandikieni gunia pale anapopita. Pakiwa na ngazi mlangoni, wekeni ubao mpana wenye mteremko mdogo.

MIGUU

Kila juma mkagueni miguu. Angalieni miiba, vidonda na kupe katikati ya vidole. Angalieni funza pia, maana mbwa mwenye funza huchechemea, na watu hudhani ni uzee. Funza wa mbwa na funza wa watoto ni wale wale, kwa hiyo msaidieni mbwa na pia safisheni sakafu ya vumbi wanamozaliwa. Msimwagie miguu mafuta ya taa, yanaunguza ngozi.

Kucha ndefu humfanya akanyage vibaya, na kiungo huuma zaidi. Zikateni kidogo kidogo nchani, au zipigeni tupa. Ndani ya ukucha mna mshipa wa damu, msiufikie.

MAJI YA VUGUVUGU

Asubuhi ya baridi chovyeni kitambaa katika maji ya moto kiasi, mkikamue, na mkijaribu kwanza katika kifundo cha mkono wenu. Kisipowaunguza ninyi, kiwekeni juu ya nyonga au goti la mbwa kwa dakika 10, kisha msugueni taratibu kwa kiganja na kumkausha. Msifanye hivyo ikiwa pana kidonda, au ikiwa kiungo kimevimba na kina moto.

DAWA

Hili ni jambo la hatari, basi lisomeni mara mbili. Msimpe mbwa vidonge vya watu vya maumivu kwa kukisia. Aibuprofeni na daiklofenaki zinaweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo zake, na parasetamoli huweza kuharibu ini. Ziko dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa mbwa. Daktari wa wanyama hupima uzito, huuliza habari za figo na ini, ndipo hutoa kipimo. Nyingi hutolewa pamoja na chakula. Mbwa akitapika, akikataa kula, au kinyesi kikiwa cheusi, simamisheni dawa na mrudini kwa daktari siku hiyo hiyo.

Vile vile msimchome mbwa dawa iliyobaki ya ng'ombe. Ile sindano ya ugonjwa wa mbung'o, ikizidi kidogo tu, huweza kudhuru ubongo wa mbwa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo isipakwe mbwa bila shauri la afisa wa mifugo.

WAKATI AMBAPO SI UZEE

Uzee huja polepole, mwezi hata mwezi. Kinachokuja kwa siku moja au mbili si uzee. Mwiteni afisa wa mifugo mkiona haya:

Homa, ufizi mweupe, na mkojo wa rangi ya chai nzito. Huenda ni homa ya kupe.

Macho kuwa meupe kama maziwa kwa siku chache, uso kuvimba, na mwili kukonda. Huenda ni nagana, inayoletwa na mbung'o. Mbwa mzee naye huwa na macho ya rangi ya samawati, lakini hayo hubadilika taratibu, naye huendelea kuona. Mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma katika Kenya. Hiyo ni habari njema kwa watu, lakini mbung'o bado wapo, na mifugo na mbwa bado huumwa nao.

Mguu kuning'inia, au miguu ya nyuma kufa ghafla. Huenda ni kuvunjika au kuumia mgongo.

Miguu kulegea, taya kuanguka, mate kumwagika, sauti kubadilika, au tabia kugeuka. Hapo fikirini kichaa cha mbwa. Msidhani ana mfupa kooni, msitie mkono kinywani mwake. Mfungieni mahali peke yake bila kumgusa, waondoeni watoto, mkapige habari. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, au mate yakiingia katika kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akachanjwe. Dalili zikishatokea kwa mtu, ni vigumu mno kumwokoa.

Katika Kenya ugonjwa huo ulionekana kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa karibu na Nairobi. Mwaka 2014 Serikali ilianza mpango wa kuumaliza ifikapo mwaka 2030, nao unategemea kuchanjwa kwa mbwa 70 katika kila 100. Mbwa mzee hajasamehewa chanjo. Yeye ndiye hulala karibu na watoto.

KUMFUNDISHA ATAKAYEMRITHI

Msingoje Simba afe ndipo mtafute mbwa mwingine. Mleteni mtoto wa mbwa wakati mzee bado ana nguvu kidogo. Atajifunza kwake ni mgeni gani wa kubwekea na ni mbuzi gani wa nyumbani. Lakini wapeni chakula mbali mbali, ili kijana asimnyang'anye mzee, na mzee awe na mahali pa kujitenga.

MWISHO WAKE

Itafika siku ambapo yote haya hayatoshi. Hawezi kuinuka, hali, hujikojolea pale alipolala, na siku mbaya zimezidi siku njema. Wakati huo msimwache porini, wala msimpe sumu. Sumu humtesa, nayo huua pia kuku, ndege na mbwa wa jirani, na huweza kuua mtoto. Kumtesa mnyama kumekatazwa na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura 360. Daktari wa wanyama anaweza kumpumzisha kwa sindano bila maumivu. Kisha mzikeni chini sana, mbali na kisima.

Lakini kwa Simba wetu siku hiyo bado haijafika. Gunia moja la maganda, omena kidogo, safari fupi na kitambaa cha maji ya moto vinaweza kumpa miezi mingi, pengine miaka, ya kulala bila kuugua na kubweka kwa wakati wake.

MASWALI YA KUJIULIZA NYUMBANI

1. Je, mbwa wetu analala mahali pakavu?
2. Je, mbavu zake zinasikika kwa vidole?
3. Ni lini tulipokagua miguu na kucha zake?
4. Alichanjwa mwaka gani, na cheti kiko wapi?
5. Akilegea miguu ghafla leo, kila mtoto wa boma hili anajua la kufanya?