Presha: Asili ya Neno na Maana Zake Katika Chumba cha Tabibu

Mswahili akisema fulani "ana kifua", hakuna anayedhani kwamba watu wengine hawana vifua. Kadhalika husemwa mtu "ana tumbo", "ana moyo", "ana sukari". Lugha imejiwekea mazoea ya kutaja kitu ambacho kila mwanadamu anacho, na msikilizaji akaelewa kwamba linalosemwa ni ugonjwa wa kitu hicho. "Ana presha" imeingia katika mkondo huohuo. Kila aliye hai ana presha ya damu, na bila hiyo damu isingefika ubongoni wala kwenye figo. Hata hivyo anayesema "mimi sina presha" haonekani kuwa amesema jambo la ajabu.

Tofauti iko katika asili ya maneno yenyewe. Kifua na tumbo ni maneno ya nyumbani. Presha ni mgeni aliyetoka katika Kiingereza, na mgeni huyo alifika akiwa na mizigo kadhaa aliyoikusanya njiani. Baadhi ya mizigo hiyo ndiyo inayowafanya tabibu na mgonjwa watumie neno moja huku kila mmoja akisema jambo lake.

Neno la Kiingereza "pressure" limetokana na Kilatini. Kitenzi chake cha asili ni "premere", yaani kubana, kukandamiza au kukamua. Kutoka humo likaundwa jina "pressura". Maana ya kimwili ilikuwepo tangu zamani, lakini mapema sana neno hilo lilihamia moyoni. Hieronimo, aliyeifasiri Biblia kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya 4 na mwanzoni mwa karne ya 5, alilitumia katika Injili ya Yohana kutaja uchungu ambao mwanamke huusahau mara mtoto anapozaliwa, kisha akalitumia tena kutaja taabu za ulimwengu. Wafasiri wa Kiswahili hapo pa pili wakaweka neno "dhiki", nalo linalingana vizuri mno, kwa kuwa dhiki imetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya ufinyu, yaani mahali pembamba panapombana mtu. Lugha nyingi zimefika hapo kila moja kwa njia yake: mwenye huzuni hujisikia amebanwa.

Neno lilipoingia katika Kiingereza katika karne ya 14 kwa kupitia Kifaransa cha kale, lilibeba hasa maana hiyo ya mateso na mzigo wa nafsi. Waingereza walilitumia muda mrefu kusemea taabu za mwili na roho kabla mtu yeyote hajafikiria kulitumia kupimia hewa au damu. Jambo hilo lafaa kukumbukwa na mhudumu wa afya anayekasirika kwa sababu mgonjwa "anachanganya presha na mawazo". Mgonjwa huyo, bila kujua, ameirudia maana ya zamani kuliko ile iliyo kwenye mashine.

Maana ya kipimo ilianza katika karne ya 17. Katika miaka ya 1640, Mwitaliano Evangelista Torricelli alijaza zebaki katika bomba la kioo lililozibwa upande mmoja, akaligeuza ndani ya bakuli lenye zebaki, na akaona kwamba zebaki haikumwagika yote, bali ilisimama kwa kimo maalumu. Kilichoizuia ni uzito wa hewa ya nje iliyoukandamiza uso wa bakuli. Mwaka 1648, Florin Périer, shemeji wa Mfaransa Blaise Pascal, alipanda mlima Puy de Dôme akiwa na chombo cha namna hiyo, na kimo cha zebaki kikapungua kadiri alivyopanda. Robert Boyle naye aliendeleza uchunguzi wa hewa nchini Uingereza. Neno lililokuwa la waombolezaji likawa la wapimaji, na tangu hapo mkandamizo ukaanza kuandikwa kwa tarakimu.

Damu ilisubiri hadi karne iliyofuata. Stephen Hales, kasisi wa Teddington karibu na London, alimfunga farasi jike, akaingiza bomba la shaba katika mshipa mkubwa wa paja, akaliunganisha na bomba refu la kioo lililosimama wima. Damu ilipanda hadi futi 8 na inchi 3, takriban mita 2 na nusu. Habari hizo alizichapisha mwaka 1733. Lilikuwa jaribio la kikatili kwa macho ya leo, lakini lilionyesha waziwazi kwamba moyo huisukuma damu kwa nguvu inayoweza kupimwa. Bomba la urefu huo halingeweza kutumika kitandani mwa mgonjwa. Mwaka 1828 Jean Poiseuille alitumia zebaki badala yake, na kwa kuwa zebaki ni nzito kuliko maji mara 13.6, kimo kilichohitajika kikawa kifupi. Ndiyo sababu presha hadi leo huandikwa kwa milimita za zebaki, hata pale ambapo mashine ni ya betri na haina tone la zebaki ndani yake.

Kipimo kinachofahamika zahanatini kilikamilika kwa hatua mbili. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Turin alibuni mkanda wa kujazwa hewa unaofungwa mkononi. Mkanda huo uliubana mshipa hadi mapigo yakapotea, na namba moja tu ikapatikana. Mwaka 1905 tabibu Mrusi Nikolai Korotkov akaeleza sauti zinazosikika chini ya mkanda kwa chombo cha kusikilizia moyo: sauti ya kwanza inapoanza, ndiyo namba ya juu, yaani nguvu ya damu moyo unapojikaza, sauti zinapopotea, ndiyo namba ya chini, moyo unapolegea.

Hapa pana mtego ambao wahudumu wengi hawauoni kwa sababu wameuzoea. Mgonjwa akiambiwa "ya juu ni 150, ya chini ni 80", yeye anaweza kurudi nyumbani akieleza kwamba amekutwa na presha ya juu na presha ya chini kwa pamoja. Hajakosea kusikia. Maneno yaleyale, "ya juu" na "ya chini", hutumika kutaja namba mbili za kipimo kimoja, na pia kutaja hali mbili tofauti kabisa, ile ya kupanda na ile ya kushuka. Yapo mapendekezo ya kusema "namba ya kwanza" na "namba ya pili" wakati wa kutaja vipimo. Pendekezo hilo ni jepesi na halina gharama.

Jina la kitaalamu la Kiingereza, "hypertension", limeongeza utata mwingine. Limeungwa kwa Kigiriki chenye maana ya kuzidi na Kilatini chenye maana ya kukazika. Kilichokusudiwa ni mkazo katika mishipa ya damu, lakini katika Kiingereza cha kawaida "tension" ni wasiwasi na hali ya kutotulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti waliochunguza wanawake Wamarekani weusi mjini New Orleans walikuta kwamba baadhi yao waliyatenga magonjwa mawili: moja la damu, linalotibiwa kwa chakula na dawa, na jingine la mishipa ya fahamu na hasira, ambalo kwao halikuhitaji vidonge vya kila siku. Jina la hospitali moja lilikuwa limezaa magonjwa mawili mtaani. Walioshika imani hiyo waliitumia dawa kwa uhafifu zaidi.

Wataalamu wenyewe hawakusalimika na maneno yao. Mwaka 1911 Mjerumani Eberhard Frank aliipa presha ya juu isiyo na chanzo kinachojulikana jina lenye maana ya "ya asili yake yenyewe". Kwa Kiingereza neno hilo, "essential", lina pia maana ya kitu cha lazima. Kwa miaka mingi walikuwepo matabibu waliosadiki kwamba kupanda kwa presha ni jambo la lazima ili damu ipenye katika mishipa iliyokakamaa, na kwamba kuishusha ni kumdhuru mgonjwa. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alikufa kwa damu kuvuja ubongoni tarehe 12 Aprili 1945. Siku hiyo presha yake ilifika 300 kwa 190. Ushahidi thabiti wa faida ya dawa ulipatikana baadaye, hasa mwaka 1967, kutokana na utafiti wa hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani uliohusisha wanaume 143 wenye namba ya pili kati ya 115 na 129. Waliopewa dawa walipata madhara machache mno kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Neno limefika katika Kiswahili likiwa na hayo yote, na Kiswahili kikaliongezea mengine. "Usinipe presha" ni kumwambia mtu asimharakishe mwenziwe. "Presha ya mtihani" ni hofu. "Habari ile ilimpandisha presha" ni mshtuko. "Presha ya kushuka" ni kizunguzungu, jasho jembamba na miguu kukosa nguvu, hata kama mkanda haujawahi kufungwa mkononi. Kisha ipo "ana presha" iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki, yenye maana ya 140 kwa 90 au zaidi, iliyopimwa kwa siku zaidi ya moja.

Maana hizo zina undugu wa kweli. Hasira, hofu na maumivu hupandisha presha ya damu kwa muda, na yeyote anayepimwa akiwa ametoka kukimbilia daladala ataliona hilo. Kwa sababu hiyo hutakiwa aketi kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono umelazwa usawa wa moyo, na kibofu kikiwa kitupu. Lakini kupanda kwa muda si ugonjwa unaokaa mwilini miaka 20 ukiichosha mishipa ya ubongo, moyo, macho na figo. Ugonjwa huo kwa kawaida haumsemeshi mwenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa nao, na karibu asilimia 46 yao hawakujua.

Hapo ndipo neno linapoweza kuua. Aliyeelewa kwamba presha ni mshtuko au mawazo atameza kidonge siku anapojisikia vibaya na kukiacha siku anapojisikia vizuri. Kwa mantiki ya neno alilonalo, anatenda sawasawa: mambo yametulia, deni limelipwa, mtoto amepona, basi presha nayo imekwisha. Mwingine anayejisikia kizunguzungu husema imeshuka, akaacha dawa na kunywa maji ya chumvi, kumbe namba yake ni 180, au tatizo ni upungufu wa damu, au sukari ndiyo iliyoshuka. Kwa hisia peke yake hawezi kutofautisha, na hata tabibu hawezi. Mkanda ndio unaoweza.

Wako wanaoona dawa ya utata huu ni kuliondoa neno "presha" na kusimika "shinikizo la damu" mahali pake. Istilahi hiyo ni nzuri kwa maandishi na imezoeleka katika vitabu. Lakini shinikizo nalo limetokana na kushinikiza, na katika magazeti ni lile ambalo vyama na wananchi huiwekea serikali. Mzigo wa zamani umebadilishiwa kikapu tu. Zaidi ya hayo, mgonjwa atasema "presha" vilevile, na mhudumu asiyetaka kulipokea atakuwa amemfungia mlango kabla hajaeleza shida. Lifaalo zaidi ni kulipokea na kuuliza: "Unaposema presha, unajisikiaje? Ilianza lini? Uliwahi kupimwa, ukaambiwa namba gani?" Majibu ya maswali hayo huchukua dakika mbili. Anayejibu kwa namba anazungumzia kipimo. Anayejibu kwa kisa cha ndoa au cha shamba lililouzwa anazungumzia dhiki, nayo yastahili kusikilizwa kwa haki yake, huku mkanda ukifungwa pia, maana mtu mmoja anaweza kuwa na zote mbili.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza namba zake na kuandikiwa. "Iko juu kidogo" si kipimo.

Kwa mama mjamzito maswali hayo hayangoji hudhurio lijalo. Baada ya wiki ya 20 ya mimba, 140 kwa 90 ni alama ya hatari, na ikiambatana na maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu au maumivu ya juu ya tumbo, kifafa cha mimba kinaweza kuwa karibu. Akisema "nina presha ya mawazo tu, mume yuko mbali", huenda asemalo ni kweli kabisa. Apimwe kwanza, na mkojo wake uangaliwe protini siku hiyohiyo. Habari za mume zitasikilizwa akiwa bado ameketi hapo.