Wingu la Kompyuta ni Kitu Gani?

Siku hizi, mkulima, utasikia watu wakisema kwamba hesabu fulani "imewekwa katika wingu." Wingu hili si lile liletalo mvua ya mawe katika vilima vya Kisii. Ni kompyuta kubwa nyingi, ziitwazo seva, zilizowekwa katika nyumba yenye ulinzi. Watu walio mbali huzitumia kwa njia ya intaneti.

Fikiri juu ya kiwanda cha chai cha Itumbe. Hakuna mkulima ajengaye kiwanda chake mwenyewe. Kiwanda kimoja husindika majani ya mashamba mengi. Wingu nalo ni hivyo: kampuni au chama cha ushirika hukodi nafasi katika seva za mwingine, na hulipa kwa kadiri ya matumizi yake.

Daftari likiwa mbali

M-Pesa ilianza Machi 2007. Mpaka mwaka 2015, seva zake zilikuwa Ujerumani, ndipo zikahamishiwa Kenya. Basi mtu wa Itumbe alipompelekea nduguye wa Keroka fedha, hesabu iliandikwa Ulaya, na jibu likarudi upesi. Hii ndiyo faida yake: simu yako ikitumbukia katika mto Gucha, fedha hazizami nayo, kwa maana daftari liko kwingine.

Lakini fahamu jambo moja. Wingu hutunza kosa kama litunzavyo kweli. Ukipima kilo 18 za majani mabichi, na mzani wa umeme ukapeleka kilo 13, au namba ya jirani yako, malipo yatafuata kilichoandikwa.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Usiondoke kwenye mzani kabla ya kusoma risiti. Tazama namba yako na kilo zako.
2. Weka risiti mahali pakavu, uzijumlishe mwisho wa mwezi, na ulinganishe na malipo.
3. Namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata ajiite afisa.
4. Ukiona kosa, lipeleke mara moja kwa waliopokea habari zako. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuziona habari zako na kutaka zisahihishwe.

Daftari liko mbali, lakini kilo ni zako. Zihesabu.