Mwangaza na haki za mtu: maswali yanayoulizwa Kisangani

Mwangaza ni nini?

Ni jina la mkondo wa fikra uliovuma Ulaya katika karne ya 18. Wanafunzi wetu wa sekondari hukutana nao kwa Kifaransa, kupitia Voltaire, Rousseau na Montesquieu, kisha wengi huuacha humo humo kwenye daftari. Madai yake makubwa ni mawili. La kwanza: jambo lisikubaliwe kwa sababu tu limesemwa na mfalme, padri au mzee, lidaiwe hoja na ushahidi. La pili: kila mtu huzaliwa na haki zake, hazitoki kwa hisani ya mtawala.

Mfano mmoja watosha. Mwaka 1762, mjini Toulouse, Ufaransa, mfanyabiashara Jean Calas aliuawa kwa kuvunjwa mifupa akiwa amefungwa kwenye gurudumu. Alidaiwa kumuua mwanawe ili asibadili dini. Ushahidi ulikuwa uvumi wa mtaani. Voltaire alichunguza, akaandika barua juu ya barua, na mwaka 1765 hukumu ikafutwa. Calas alikuwa kaburini tayari. Katikati hapo, mwaka 1764, Mwitalia Beccaria alichapisha kitabu kinachopinga mateso kwa hoja rahisi: mnyonge ataungama kosa asilolitenda, na mhalifu mwenye mwili mgumu atanyamaza na kuachiliwa.

Si mambo ya wazungu hayo?

Swali ni la haki. Locke, mtetezi wa uhuru, alikuwa na hisa katika kampuni ya Kiingereza iliyouza watumwa. Mwanafalsafa Kant aliandika maneno ya dharau juu ya watu weusi. Ufaransa ilitangaza haki za binadamu tarehe 26 Agosti 1789, lakini utumwa katika makoloni yake ikaufuta 1794 tu, baada ya watumwa wa Haiti kushika silaha. Napoleon akaurudisha 1802.

Hata hivyo, Waafrika walikuwamo katika mjadala huo mapema. Anton Wilhelm Amo, aliyechukuliwa akiwa mtoto kutoka pwani ya Ghana ya leo, alitetea hoja katika chuo kikuu cha Halle mwaka 1729 kuhusu haki za watu weusi walioishi Ulaya. Kwa maoni yangu unafiki ule unawaaibisha wasemaji, hauivunji hoja yao. Wahaiti waliichukua hoja ile ile wakawageuzia wenyewe.

Kisangani inaingiaje?

Kwa karibu kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 18 Julai 1890, hapa penye maporomoko, wakati huo pakiitwa Stanley Falls, Mmarekani mweusi George Washington Williams aliandika barua ya wazi kwa mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyeimiliki Kongo wakati huo. Williams alikuwa amepigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akawa mchungaji, mwanahistoria, na mbunge wa jimbo la Ohio. Mwaka uliotangulia alikutana na mfalme huyo akavutiwa naye. Kisha akapanda mto Kongo mwenyewe akaona.

Barua yake haina matusi. Ni mashtaka 12 yaliyopangwa kama ya wakili: wafungwa waliofungwa minyororo, vijiji vilivyoporwa, serikali yenyewe kununua watumwa. Alieleza pia jinsi machifu walivyosainishwa mikataba. Mzungu alificha waya wa betri ya umeme ndani ya koti. Chifu akipewa mkono, alirushwa na umeme akaamini kwamba mgeni yule ana nguvu za ajabu. Mwingine aliwasha sigara kwa kioo cha kukuza, akadai jua ni rafiki yake. Hebu fikiria: watu waliojisifu kuleta akili walitumia sayansi kufanya kiini macho, na mtu mweusi ndiye aliyedai ushahidi na tume ya uchunguzi. Williams alifariki Uingereza mwaka 1891, akiwa na miaka 41, bila kusikilizwa. Dola binafsi ya Leopold ilidumu hadi 1908.

Miaka ya 1950 karani mmoja wa posta ya Stanleyville (jina la zamani la Kisangani), Patrice Lumumba, alikuwa akiwasoma Voltaire na Rousseau. Wakati huo Mkongomani aliyetaka haki zinazokaribia za Mbelgiji aliomba kusajiliwa, na wakaguzi walifika nyumbani kwake kuangalia kama familia inakula mezani kwa uma na kisu. Lumumba alikataliwa kwanza, akapata 1954. Haki iliyopimwa kwa uma ni zawadi, na anayeitoa anaweza kuichukua tena.

Sheria zetu zinasemaje?

Katiba ya Kongo ilitangazwa tarehe 18 Februari 2006. Mwaka 2004 maseneta walikuja Kisangani kwa semina ya kuandaa rasimu yake. Oktoba 2024, akiwa katika mji huu huu, Rais Tshisekedi alitangaza tume ya kuitazama upya, akisema iliandikwa nje na wageni. Msomaji apime mwenyewe.

Kifungu cha 11 kinasema binadamu wote huzaliwa huru na sawa kwa heshima na haki. Cha 17 kinasema mtu hana hatia hadi mahakama imhukumu, na kwamba hakuna wa kukamatwa kwa kosa la mwingine. Kijana wa toleka (baiskeli ya kubeba abiria) akikimbia, baba yake hawezi kufungwa badala yake, hata kama ndivyo ilivyozoeleka.

Je, ni kumkataa Mungu?

Hapana. Voltaire mwenyewe aliamini Mungu yuko, na kifungu cha 22 kinalinda dini yako. Kinachokataliwa ni kumwadhibu mtu bila ushahidi. Mtoto anayeitwa mchawi kwa sababu shangazi aliugua au biashara ilianguka yumo katika kundi hilo: kifungu cha 41 kinakataza kumsingizia mtoto uchawi, awe aliyesema ni mchungaji au mjomba.

Ndugu yangu yuko mahabusu polisi. Nifanye nini?

Soma kifungu cha 18. Aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa. Kiswahili au Lingala vinatosha. Anayo haki ya kuwasiliana na familia na wakili wake. Asikae humo zaidi ya saa 48. Zikiisha, aachiliwe au afikishwe mbele ya mamlaka ya sheria. Kwa hiyo, ukifika pale, kabla ya kuuliza faini ni kiasi gani, uliza ameingia saa ngapi, uandike saa hiyo mbele ya OPJ (afisa wa polisi anayechunguza makosa).