Upepo uliochukua mashamba

Mvua kubwa ikiisha kunyesha juu ya vilima vya Kivu, mito inageuka kuwa miekundu. Chota maji yale katika glasi, uyaache mpaka kesho yake. Chini ya glasi utaona udongo. Umetoka wapi? Umetoka katika mashamba ya juu, mahali palipolimwa pasipo kuachwa hata jani moja la kuushika. Hapa mwizi ni maji. Kuna nchi ambako mwizi alikuwa upepo.

Katikati ya Marekani, katika Kansas, Oklahoma na Texas, kuna uwanda mpana sana. Mvua yake ni kidogo, na hakuna mlima wa kuzuia upepo. Zamani uwanda ule ulifunikwa na majani mafupi. Mizizi yake ilisukana ardhini kama mkeka, ikashika udongo hata miaka ya ukame.

Kiisha wakafika wakulima. Wakati wa vita vya 1914–1918 watu wa Ulaya walihitaji mkate, na bei ya ngano ikapanda. Wakulima wakanunua trakta zenye kukokota majembe ya chuma, wakapasua mkeka ule. Miaka kadhaa mvua ilikuwa nzuri, ghala zikajaa. Lakini toka mwaka 1930 bei ikaanguka. Wakulima walikuwa na madeni, wakafanya nini? Wakalima zaidi, wapate kuuza magunia mengi kwa bei ndogo. Tusiwacheke. Hawakuwa wavivu, bidii yao yenyewe ndiyo iliyowaponza.

Mwaka 1931 mvua ikakatika. Ngano ikakauka, ardhi ikabaki tupu, na upepo ukakuta udongo mkavu kama unga. Mwezi wa tano 1934 vumbi la uwanda liliruka zaidi ya kilomita 2,000 mpaka New York, likaanguka hata juu ya meli baharini.

Lakini siku inayokumbukwa kupita zote ni tarehe 14 ya mwezi wa nne 1935. Ilikuwa Dominika ya Matawi. Asubuhi mbingu ilikuwa safi. Watu wakafurahi, wakatoka nje. Mchana wakaona ndege wengi wanaruka kwa hofu. Nyuma yao ukaja ukuta mweusi, toka ardhini mpaka juu sana. Jua likafunikwa. Mtu hakuona mkono wake mwenyewe. Wengi walidhani mwisho wa dunia umefika.

Nyumbani akina mama walitundika mashuka yaliyoloweshwa maji kwenye madirisha, wakageuza sahani kifudifudi juu ya meza mpaka saa ya kula. Haikusaidia sana. Vumbi liliingia mapafuni; watoto na wazee waliugua, na wengine wakafa. Ng'ombe nao walikufa, na tumbo likipasuliwa mlikuwa na mchanga. Watu mamia ya maelfu waliacha nyumba zao. Wengi walikwenda California kuchuma matunda katika mashamba ya wengine.

Mtaalamu mmoja wa udongo, Hugh Bennett, alikuwa amesema miaka mingi kwamba ardhi inakwisha, na wachache walimsikiliza. Mwaka 1935 vumbi lilipofika hata mji mkuu, Washington, wakubwa wakasikia. Mwezi ule wa nne sheria ya kulinda udongo ikatiwa sahihi. Wakulima wakafundishwa kulima kwa kuzunguka mwinuko, si kuteremka nao. Kuacha mabua shambani baada ya mavuno. Kupanda mistari ya majani katikati ya mazao. Miti zaidi ya milioni 200 ikapandwa ili kuvunja nguvu ya upepo. Mwaka 1939 mvua ikarudi. Udongo uliokwenda baharini haukurudi.

MAULIZO

1. Ni kitu gani kilichoshika udongo wa uwanda kabla ya kulimwa?
2. Bei ya ngano ilipoanguka, kwa nini wakulima walilima zaidi?
3. Kwa nini mashuka ya madirishani yaliloweshwa maji?
4. Baada ya mvua, tembea katika shamba la nyumbani kwenu. Maji yamepita wapi? Uliza baba au mama yako mahali gani pangefaa kuchimba mtaro, au kupanda majani ya mbuzi.